Uliza Bibi Shamba: Mti gani mdogo utaniletea ndege nyumbani?

Barua za miti zimekuwa nyingi safari hii, na sababu naijua: masika yanabisha hodi na kila mwenye kiwanja anatafuta mche. Nimezitenga zile zinazouliza habari ya ndege ili tuzijibu pamoja. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa kuwa aliyeandika ameuliza mambo ambayo karibu kila mtu mwenye uwanja mdogo anauliza.

BARUA KUTOKA KIBAHA

"Shikamoo Bibi Shamba. Nimejenga Kibaha, kiwanja mita 20 kwa 25. Nyumba imekula sehemu kubwa, nyuma upande wa jikoni kimebaki kipande kama mita 6 kwa 8, na chemba ya choo iko hapo hapo pembeni. Ukutani nilipanda miashoki, imependeza, lakini ndege ninaowaona ni kunguru tu. Kwa babu kule Kisarawe tulikuwa tunaamshwa na ndege alfajiri. Nataka mti mmoja mdogo, wa asili ya kwetu, utakaoleta ndege. Mke wangu anaogopa nyoka. Fundi anasema mizizi itapasua chemba. Jirani anasema nisihangaike, nipande mwarobaini, ndege wenyewe watakuja. Naomba ushauri. Baba wa watoto wawili."

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kujenga. Nikupe jibu kwanza, maelezo yafuate: panda mkole. Ukipata nafasi ya mti wa pili, uwe mchongoma, tena kwenye kona ambayo watoto hawapiti.

Sasa sikiliza kwa nini. Mtu akitaka ndege, wazo la kwanza ni tunda. Tunda ni nusu ya habari. Ndege aliyekomaa anaweza kushinda kwenye matunda au maua, lakini kinda wake hakui kwa sukari. Hata chozi, yule mdogo mwenye mdomo uliopinda ambaye kutwa anachovya kwenye maua, makinda wake anawalisha buibui na vidudu vidogo. Mnana naye ni hivyo hivyo: mwenyewe anakula mbegu, ila kiotani anapeleka viwavi na panzi wadogo. Kwa hiyo mti ambao jani lake haliguswi na mdudu yeyote, ndege atapita, atakula kama kuna cha kula, kisha atakwenda kulea kwingine.

Hapo ndipo ninapoachana na jirani yako. Hajakudanganya, matunda ya mwarobaini yakiiva shore na kunguru wanaujaa. Lakini mti huo asili yake ni Bara Hindi na nchi za upande huo, na sifa yake kubwa, ambayo wakulima wetu wanaitumia kila msimu kwa kutwanga mbegu na kunyunyizia mboga, ni kufukuza wadudu. Unajilinda vizuri mno. Tena ndege wakishakula tunda lake wanakwenda kuidondosha mbegu vichakani, ndiyo maana ukanda mzima wa pwani unakuta miarobaini imeota mahali ambapo hapana mtu aliyeipanda, inawabana wenyeji. Kwa dawa na kivuli, sina neno nao. Kwa ndege wa kulea, hapana.

Miashoki yako usiing'oe. Inakukinga vumbi na macho ya wapita njia. Ila nayo ni ya India na Sri Lanka, matunda yake yanafuatwa zaidi na popo usiku, na ule umbo lake wa kusimama wima na matawi kuning'inia haumpi ndege mdogo panda nzuri ya kutegea kiota.

Mkole ni habari nyingine. Nenda karibu nao asubuhi, jua halijakolea, ugeuze jani moja. Aina inayopatikana sana kwenye pori kavu ina weupe upande wa chini wa jani. Utakuta vitundu. Utakuta kiwavi wa kijani amejilaza sambamba na mshipa wa jani, na macho yako yatampita kabla hujamtambua. Tawi la pili utakuta buibui mdogo amekunja ncha ya jani, ameishona kwa utando na kujifungia ndani. Kaa kimya kidogo pembeni, utaona ndege wadogo wanapita jani kwa jani wakichungulia huko huko chini, hawaangalii juu. Mwenye bustani wa mjini akiona jani lina matundu anakimbilia dawa. Nakuomba sana mwanangu, usikimbilie. Mkole haufi kwa kuliwa majani machache, na ile bomba ya dawa ikipita mara moja tu, wale wadogo hawatakuwa na cha kuokota hapo kwa muda mrefu.

Ukichanua unatoa maua madogo ya njano, nyuki wanayapenda. Tunda lake halifiki sentimita moja, linaiva rangi ya machungwa na kuelekea weusi, lina utamu mwembamba na kokwa kubwa. Ukubwa huo ndio unaotakiwa: shore analimeza zima, kwezi vivyo hivyo, kuzumburu wanakuja kundi zima na kuning'inia matawini na ile mikia yao mirefu. Watoto wako nao watachuma, hakuna ubaya. Huko Kisarawe kwa babu yako wanaujua vizuri. Kwa Wazaramo mkole una heshima yake katika mambo ya mwali, kwa hiyo ukiuliza wazee hutakosa wa kukuonyesha ulipo. Na ni mti usiokwenda mbali: mara nyingi unaishia mita 3 mpaka 6, ukiukata unachipua.

Mchongoma nimeutaja kwa sababu ya kunguru, na habari yake nimeimaliza kwenye barua ya Tanga hapo chini.

Kuhusu chemba, fundi wako ana haki ya kuogopa, ila aogope mti unaostahili. Mkuyu na ndugu zake wote ndio wa kukaa mbali na nyumba ya mtu. Mkole si wa jamii hiyo. Hata hivyo mzizi wa mti wowote hufuata unyevu, na chemba yenye ufa inauita. Kabla hujapanda, fungua mfuniko, kagua maungio ya bomba na zege, paliponyufuka pazibwe. Kisha mti ukae mita 4 kutoka hapo. Katika kipande chako cha 6 kwa 8 inawezekana, kama utaupeleka kona ya pili badala ya kuuweka katikati kama watu wanavyopenda.

Mama wa nyumba mwambie hivi: nyoka anafuata panya, chura na mayai, mti wenyewe haumwiti. Wapo wanaopanda miti kweli, ukukwi ni mmoja wao, na mwingine wa kuheshimiwa sana ni yule wa mitini mwenye macho makubwa, ambaye sumu yake ni kali ingawa ni mwoga na huwa anakimbia watu. Kwa hiyo matawi yasiguse paa wala dirisha, acha nafasi ya mita moja na nusu. Chini ya mti pasiwe na rundo la matofali, mabati au kuni. Pumba za kuku zisimwagwe hapo, maana zinaleta panya, na panya ndiye mwenye kumleta huyo mwingine. Uwanja uliopangwa hivyo una amani kuliko ule usio na mti hata mmoja lakini una lundo la takataka nyuma ya banda.

Mche utaupata wapi? Vitalu vya barabarani vinauza kinachotoka haraka: miashoki, mitiki, miembe ya muda mfupi, maua. Mkole hutaukuta kwa urahisi. Anza kuulizia vitalu vya TFS, wakala wa serikali wa misitu, na kama hawana, otesha mwenyewe. Okota matunda yaliyoiva, yafikiche kwenye maji nyama itoke, kausha mbegu kivulini, siku ya kupanda ziloweke usiku kucha. Weka mbegu mbili kila kiriba, yaani kimfuko cha kuoteshea, na uoteshe viriba vingi, kwa sababu zinaota kwa kupishana, nyingine zinachelewa mno. Mche ukifika urefu wa goti unaweza kuhama.

Shimo liwe sentimita 60 kila upande na 60 kwenda chini. Udongo wa juu weka upande mmoja, wa chini upande mwingine. Ule wa juu uchanganye na samadi iliyoiva, debe moja linatosha, ndio urudi kwanza. Mche ukae usawa ule ule uliokuwa kwenye kiriba, shina lisizikwe. Panda mvua ikishaloweka ardhi, isiwe siku ya manyunyu ya kwanza. Masika yakiisha, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako, toboa kifuniko tundu dogo, uifukie kichwa chini pembeni ya mche, ujaze kila ikikauka. Mchanga ukiwa mwepesi, maji ya kumwaga juu yanazama na kupotea, mzizi haupati kitu. Kiangazi cha kwanza ndicho kinachoua miche mingi.

Na kabla hujatumia hela yoyote, fanya jambo hili. Zunguka uzio wako na chini ya waya wa nguo, mahali ndege wanapokaa kupumzika, utazame ni miche gani imeota hapo bila kupandwa. Hiyo imepandwa na ndege wenyewe. Utakuta mwarobaini, utakuta na lantana, kile kichaka kigeni kinachoenea ovyo, hiyo ng'oa. Lakini mara nyingi kunakuwa na kimche cha pori la jirani ambacho hukukijua. Kikate jani, kipeleke kwa mzee anayejua miti ya hapo akutajie. Mti ambao ndege wa Kibaha wameuleta wenyewe uani kwako hauhitaji ushauri wangu.

BARUA KUTOKA TANGA

"Bibi Shamba, chozi walijenga kwenye mlimao wangu, nilifurahi sana, lakini kunguru walikuja wakachukua makinda mbele ya macho yangu. Nikaumia. Kuna mti wa kuwazuia? Mama Mkubwa wa Chumbageni."

Dada yangu, pole. Mwenyewe jambo hili linaniuma kila ninapoliona, na watu wa pwani tumelizoea mpaka tunadhani kunguru ndiye mwenye mji.

Siye mwenyeji. Kunguru wa mjini, mwenye shingo ya kijivu, aliletwa Unguja kutoka Bara Hindi miaka ya 1890, inasemekana ili asafishe takataka. Akavuka bara, leo amejaa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa. Yule mwenye kifua cheupe ndiye wa kwetu, na sasa katika miji mingi ya pwani unamtafuta humwoni. Huyu mgeni anaiba mayai, anachukua makinda, anawasumbua hata ndege wakubwa kumzidi. Kwa hiyo ukipanda mti wa ndege pwani bila kufikiria kunguru, umemwandalia yeye.

Mti wa kumzuia ni mchongoma. Sisi sote tumekua na msemo, kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Shina lake lina miiba iliyogawanyika kama matawi, mwiba juu ya mwiba, na ndani ya kichaka chake matawi yamepishana kiasi kwamba mwili wa kunguru haupenyi. Chozi anapenya. Mnana anapenya. Mlimao una miiba pia, lakini ni mifupi na matawi yake yameachana, ndiyo maana kunguru aliweza kutua karibu na kiota.

Tunda la mchongoma linaiva jekundu lenye kwenda zambarau iliyokolea, lina ukali na utamu kwa pamoja. Shore, kwezi na zuwakulu wanalipenda. Lakini sikiliza jambo ambalo wauza miche hawakuambii: mchongoma una dume na jike, mara nyingi kila mmoja kwenye mti wake. Ukipanda dume peke yake utapata miiba na majani, tunda hutaliona maisha. Kwa hiyo mche wa mbegu ni kubahatisha. Afadhali utafute mti ambao umeuona una matunda, umwombe mwenyewe akupe kipande cha tawi au chipukizi la mzizini, na uhakikishe kuna mchongoma mwingine wenye maua yasiyozaa matunda hapo jirani. Tena kitaluni usiseme jina tu. Huko Moshi na Arusha ukisema mchongoma wengi watakupa ule wa uzio, wenye tunda la njano, ambao ulitoka kusini mwa Afrika. Ni mzuri kwa ua, nao ndege wanaula, lakini si huu wa pwani ninaousema.

Usiupogoe kwa kuutengenezea umbo la mwavuli na kuacha shina tupu. Uache matawi ya chini, uvimbe kuanzia kiunoni kwa mtu. Katikati usipunguze.

Mti pekee hautoshi. Kunguru anakaa pale anapokula. Matumbo ya samaki yafukiwe siku hiyo hiyo, ndoo ya taka iwe na kifuniko, chakula cha mbwa kisilale nje. Majirani watatu mkikubaliana, mtaona tofauti.

Halafu kuna utando wa buibui. Kiota cha chozi ulikiona: kimfuko kinachoning'inia kwenye ncha ya kitawi, mlango uko ubavuni, juu ya mlango kuna kipaa kidogo cha kuzuia mvua. Ukikitazama kwa karibu baada ya makinda kuondoka, utakuta nyasi, nyuzinyuzi, vipande vya maganda, wakati mwingine hata karatasi, na vyote vimeshikwa kwa utando wa buibui. Ndio unaokifanya kinyumbuke upepo ukivuma kisikatike. Nyumba nyingi zinafagiwa utando mpaka nje kwenye mapaa na uzio, kila Jumamosi. Ndani fagia. Kwenye uzio na chini ya paa la banda, acha. Chozi anatoka mbali kuja kuuchukua.

BARUA KUTOKA NGONG

"Salamu kutoka Kenya. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina ploti ndogo Ngong. Baridi ya huku haifanani na pwani. Nimeambiwa nipande muhuti kwa sababu ya ndege. Ni kweli? Na je, utatosha kwenye nafasi ya mita 4?"

Mwalimu, salamu zimefika. Muhuti ni kweli kabisa, hakuna mti wa kwetu wa nyanda za juu unaoita chozi kama huo. Unapukutisha majani kisha unachanua mwekundu mtupu, na ndege wanakuja kwenye maua kabla jani jipya halijatoka, kwa hiyo unawaona wote waziwazi: chozi, kinengenenge, mpaka mnana wanapasua maua wakitafuta utamu. Unaota hata kwa nguzo, ukikata tawi nene ukalichomeka ardhini mvua zikianza linashika.

Lakini mita 4 ni ndogo kwake. Ukikomaa unafika mita 6 hadi 12 na kichwa chake kinatanuka. Una miiba. Na mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zina sumu, watoto wanazipenda kwa rangi yake, basi wajukuu wakija wasiachiwe kuzitafuna au kuzitoboa za shanga. Uweke muhuti kama ploti ina kona ya wazi mbele, yenye jua kutwa.

Kwa hiyo nafasi uliyotaja, mimi ningepanda murembu. Naona watu wengi wa Kiambu na Nairobi wanaujua kwa jina hilo la Kikuyu, ila ni wachache wanaoufikiria kuwa mti wa bustani, na hilo linanisikitisha. Hauna miiba, unakua upesi, unatoa vichane vya maua meupe yenye harufu nzuri, kisha vitunda vidogo vinavyopita njano na machungwa hadi wekundu na weusi, vyote kwenye kichane kimoja kwa wakati mmoja. Kwa kuwa haviivi kwa mkupuo, ndege hawaji siku moja wakamaliza. Wanarudi wiki baada ya wiki. Shore watafika wa kwanza, kinengenenge na kuzumburu watafuata. Uukate ncha ukiwa mdogo ili utoe matawi mengi, la sivyo unarefuka tu. Mbegu za miti ya asili mnaweza kuzipata KEFRI, taasisi yenu ya utafiti wa misitu, pale Muguga, si mbali na kwako.

BARUA KUTOKA MUHEZA

"Bibi, nimepewa bure mche wa msizi. Aliyenipa anasema ni mti wa Afrika, hondohondo wanaupenda ajabu. Nyumba yetu ipo chini kidogo ya Amani. Niupande? Kijana wa kidato cha tano."

Mjukuu wangu, urudishe kwa shukrani.

Aliyekupa amesema kweli mbili na ameacha ya tatu. Msizi ni mti wa Afrika. Hondohondo wanaupenda. Lakini kwao ni Uganda, Kagera na magharibi huko, Kongo na kuendelea. Usambara Mashariki, ilipo Amani, haukuwepo. Uliletwa enzi za ukoloni, na kituo cha utafiti cha Amani chenyewe, ambacho Wajerumani walikianzisha mwaka 1902, kilikuwa mahali pa kujaribia miti ya kila pembe ya dunia. Msitu ulipokatwa mbao na kuachwa na mapengo, msizi ukaingia kwenye mapengo hayo, na hondohondo ndio walioubeba: wanameza tunda, wanaruka kilomita kadhaa, wanaidondosha mbegu safi imeshavuliwa nyama. Leo upo ndani ya msitu ambao una miti isiyopatikana popote pengine duniani, nao unakua haraka kuliko hiyo.

Nilifanya kazi miaka mingi vijiji vya huko, na nilichojifunza ni kwamba swali la asili haliishii kwenye mpaka wa nchi wala wa bara. Mti uliozaliwa Bukoba ni mgeni Amani, na ndege hawawezi kukuamulia, wao wanafuata tumbo. Mti mgeni ambao hauliwi na ndege mara nyingi hubaki karibu na pale ulipopandwa. Ule unaoliwa ndio unaosafiri. Basi mtu anayepanda mti kwa ajili ya ndege ana wajibu zaidi ya anayepanda wa mbao, kwa sababu yeye anachagua makusudi mti utakaobebwa. Na wewe upo mlangoni mwa msitu.

Halafu unafika mita 30, sijui mama yako atakaa wapi. Mviru unaota huko bondeni Muheza, mti mdogo, viru vyake mnavila wenyewe na ndege wanashirikiana nanyi. Tafuta huo.

BARUA KUTOKA MOROGORO

"Mimi nalima mchicha, nyanya na papai nyuma ya nyumba. Kuzumburu wananimaliza. Sasa nasoma gazeti linasema tupande miti ya kuita ndege. Si ndio tunawaita wezi? Na kwelea nao je?"

Kwelea waondoe kwenye hofu yako. Wao wanafuata nafaka, mpunga, mtama, uwele, kwa makundi makubwa. Mkole mmoja uani hauwahusu.

Kuzumburu ni kweli. Wanakula tunda, wanakula chipukizi, wanakula hata majani ya mchicha machanga, na wanatembea kwa familia. Sitakuambia kwamba ukiwapandia mti wataacha papai. Watakula vyote viwili. Nitakachokuambia ni namna ya kupanga: mti uwe upande wa mbali na mboga, maana kuzumburu hupenda kukaa mahali penye kujificha kisha kushuka hatua chache kwenye chakula. Ukiacha uwazi wa mita kumi kati ya kichaka na tuta, wanasita, wanaogopa mwewe. Papai likianza kupiga rangi livishe mfuko wa karatasi ya saruji au gunia jepesi, ulifunge juu. Mchicha mchanga uinamishie matawi makavu ya miiba mpaka ukomae. Usitumie chandarua kilichochakaa. Ndege wananasa miguu humo na kufa taratibu, na si kuzumburu peke yao.

Tena ujue kwamba shore na mnana hao hao wakiwa na makinda, viwavi wa nyanya zako ndio wanaochukuliwa.

BARUA KUTOKA TABATA

"Mimi mpangaji, chumba na sebule, kibaraza tu. Nimetolewa kwenye habari hii?"

Hujatolewa, mwanangu. Chukua ndoo kubwa iliyopasuka au tairi, toboa chini, jaza nusu mchanga nusu udongo, panda mshubiri wa hapa kwetu, ule wenye majani mapana yenye miiba pembeni na maua mekundu kwenye mlingoti mrefu. Omba chipukizi kwa mtu mwenye nao, usichimbe porini. Uweke penye jua la asubuhi, umwagilie mara moja kwa wiki, usiuzamishe. Mlingoti ukitoka usiukate. Chozi watakuja hata ghorofani.

Pembeni weka kigae kipana cha udongo chenye maji ya kina cha vidole viwili, na jiwe katikati la kutulia. Maji hayo yamwage na kusugua kigae kila baada ya siku mbili, bila kukosa, kwa sababu ya mbu. Dar es Salaam tulishaona homa ya dengue, inayoletwa na mbu, mwaka 2014 na tena 2019. Ukihama, ndoo unahama nayo.